Majivu ya Saa Sita Mchana

Jumatatu, 1 Septemba

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Tangu nilipojua kuomba, nimekuwa nikiomba dada yangu asije kwetu. Sikumwombea mabaya. Nilimwombea afya, nikamwombea afaulu shule, nikaomba mama yake apate kila anachokitaka, ili mradi vyote wavipate huko huko kwao. Baba alimzaa kabla hajamwoa mama, na miaka yote hii alikuwa kwangu ni picha ndogo ya pasipoti ndani ya pochi ya baba. Picha haili, haicheki, haikai kiti cha mbele.

Leo ameshuka kutoka kwenye lori la mahitaji na begi moja na ndala za buluu. Mama yake amepata kazi mbali, kwa hiyo likizo hii ndefu atakuwa nasi hapa kambini mpaka mvua zianze. Alimwambia mama, "Shikamoo mama," bila kukwama. Mimi neno hilo kwa mama wa mtu mwingine lingenikaa kooni mwezi mzima. Mama akamkumbatia. Baba alisimama tu na kofia yake mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Jumanne, 2 Septemba

Kambi si yetu, bila shaka. Ni ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Baba ni dereva wa kuwatembeza, mama ni dobi. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya chumba cha kufulia, upande ambao wageni hawafiki kwa sababu huko kuna kamba za nguo, mapipa, na mambo mengine ambayo watu wa likizo hawataki kujua kwamba yapo.

Kila likizo, wageni wakipungua, baba hunikalisha kiti cha mbele. Mimi humsomea kitabu changu cha wanyama kwa sauti, yeye huendesha polepole na kusema, "Kitabu kinasema hivyo? Basi kitabu hicho kimetembea." Sijui kama kuna mahali duniani ninapopapenda kuliko kiti hicho, japo sponji yake imechomoza na inachoma.

Msimu huu kuna mgeni mmoja aliyemkodi baba mpaka mvua zije. Ni mpiga picha. Madereva wamembatiza Mzinga, kwa sababu lenzi yake ni kama mzinga wa vita, ukiiona mara ya kwanza unatamani kulala kifudifudi. Anatengeneza kitabu cha jamii ya swala. Amewapiga picha pofu, tandala, kuro, kongoni, wote. Amebaki na palahala dume, yule mweusi mwenye tumbo jeupe na pembe zilizopinda kwenda nyuma kama mundu. Bila huyo, anasema, kitabu hakina jalada.

Gari limeng'olewa viti vya nyuma ili vifaa vyake viingie. Kimebaki kiti kimoja cha msaidizi, pale mbele. Baba amesema atatujaribu mimi na dada, mwenye macho makali ndiye atakayekikalia.

Alhamisi, 4 Septemba

Asubuhi nilienda mimi. Nilikaza macho mpaka yakatoa machozi. Mwishowe nikanong'ona, "Baba, kongoni, kule, amesimama peke yake." Baba akazima injini. Mzinga akaweka lenzi juu ya kifuko cha maharage, kile alichoshonewa na mama cha kuegemeza lenzi dirishani isitikisike. Tukasubiri. Kongoni hakutikisa hata sikio. Tulisubiri sana. Kilikuwa kichuguu.

Jioni alienda dada. Alirudi amemwona dondoro, swala mdogo kabisa, aliyelala kwenye majani makavu, na alichokiona hasa ni ncha ya sikio. Ncha! Mzinga alimpa mkono kama mtu mzima mwenzake. Mzee Gia, dereva mwenzake baba ambaye mdomo wake haujawahi kuwekwa breki, akatangaza mbele ya jiko, "Huyu si msichana, huyu ni jicho lenye miguu!" Basi jina likamganda: Jicho.

Mimi hapa kambini naitwa Kamusi. Yeye jina lake ni la kusifiwa, langu ni la kuchekwa.

Halafu baba akaenda kabatini, akatoa ile kamera yake ya zamani aliyoachiwa na mgeni, ile anayoihifadhi kwenye bati lenye mchele ili isipate unyevu, ile ambayo mimi huruhusiwa kuipangusa tu. Akamvisha dada shingoni. "Itunze, mwanangu."

Mwanangu. Nilienda kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Ijumaa, 5 Septemba

Wametoka alfajiri. Palahala hawakumpata.

Jumamosi, 6 Septemba

Hawakumpata. Upepo wa vumbi kutwa nzima, mama amefua mashuka yale yale mara mbili.

Jumatano, 10 Septemba

Hawakumpata.

Kwa kuwa sina gari la kwenda, nimepewa majivu. Mama huchemsha maji ya kufulia kwenye pipa, kuni zinawaka tangu asubuhi. Saa sita mchana, wageni wakiwa wamelala na jua likiwa limesimama utosini, moto unakufa na mimi nayazoa majivu kwenye ndoo, naenda kuyamwaga nyuma ya ua wa miiba, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda kwenye vichaka. Ndoo ina mkono uliolegea, inalia ngwi, ngwi, kila hatua. Hiyo ndiyo safari yangu ya msimu huu.

Usiku mezani Jicho alikuwa anamwonyesha baba picha alizopiga. Vichwa vyao viligusana juu ya kile kioo kidogo cha kamera.

"Hapa umekata kwato," baba akasema. "Mnyama bila kwato anaelea. Umeona?"

"Nimeona, baba. Na hii?"

"Hii... hii hata mimi nisingeiweza."

"Njoo uone, mdogo wangu," Jicho akaniita, akasogea kunipa nafasi kwenye benchi.

"Ninasoma."

Kitabu nilikuwa nimekishika juu chini. Naamini hakuna aliyeona, ingawa kwa mtu mwenye jina kama lake siwezi kuapa.

Jumapili, 14 Septemba

Kwenye majivu ya jana kuna alama za kwato. Kubwa kuliko za swala pala, nyembamba kuliko za nyati. Na majivu yamelambwa. Yamebaki mashimo laini kama bakuli lililopitishwa ulimi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemwona.

Nilimwaga majivu kama kawaida, nikarudi na ndoo yangu, nikaingia chumba cha mashuka kufuta jasho kwenye miwani. Dirisha la chumba hicho ni dogo, lina wavu wa mbu, linatazama moja kwa moja kwenye ule mteremko. Nikavaa miwani, nikatazama nje, na mwanzoni nikadhani mama ametundika blanketi jeusi kwenye ua.

Blanketi likainua kichwa.

Sijui niandike vipi. Kitabu changu kinasema "mweusi tii," lakini si kweli, pale jua linapompiga shingoni kuna wekundu chini ya weusi, kama kaa la moto lililofunikwa. Pembe zina pete, nilitaka kuzihesabu nikashindwa kwa sababu nilisahau kupumua. Alilamba majivu taratibu, kwa adabu, kama mzee anayekunywa chai ya moto. Kwenye bega la kushoto ana kovu lisiloota manyoya. Kisha akageuka, akaondoka bila haraka, na vichaka vikamfunga.

Ni chumvi anayoifuata, bila shaka. Kiangazi kimekausha kila kitu, na majivu yana chumvi. Wakati Mzinga na baba na Jicho wanavunja mgongo huko mbali, yeye anakuja nyuma ya chumba chetu cha kufulia.

Nilikaa juu ya mafurushi ya mashuka, nikacheka peke yangu mpaka mama akaniuliza nina nini.

Jumatano, 17 Septemba

Nilipanga kumwambia baba peke yake. Lakini baba siku hizi hayuko peke yake. Akishuka garini Jicho yuko pembeni, akifungua boneti Jicho ameshika tochi, hata akienda kunawa kuna mtu wa kumpa taulo. Nikamsubiri mpaka jioni, nikamkuta karakana na madereva. Nikajikaza.

"Baba, nimemwona palahala. Nyuma ya chumba cha kufulia. Anakula majivu yetu."

Mzee Gia akadakia: "Kamusi! Kile kichuguu chako sasa kimeota pembe?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama alikuwa amekuja kuleta nguo zake zipigwe pasi. Nilimtazama baba. Alijitahidi, nakiri alijitahidi, lakini mabega yalimtikisika.

"Palahala na sabuni wapi na wapi, mwanangu," akasema. "Yule anamkimbia mtu akiwa bado hajamwona. Utakuwa umeona kuro. Kuro huzoea watu."

"Kuro hana tumbo jeupe namna ile. Kitabu..."

"Haya, haya. Kitabu."

Jicho hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwa sababu alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtu aliyekalia kiti chako ni kama kurushiwa mfupa.

Basi. Waende zao. Kinywa changu nimekifunga.

Alhamisi, 18 Septemba

Hawakumpata. Mimi nimempata.

Ijumaa, 19 Septemba

Hawakumpata. Amekuja.

Jumamosi, 20 Septemba

Hawakumpata. Amekuja akiwa na tope miguuni. Kwa hiyo bado kuna maji mahali fulani. Nimeanza kumngoja kama mtu anayengoja barua. Yeye hapendi mlango ubamizwe. Hajali ngwi ngwi ya ndoo. Mama akikohoa anainua kichwa, mimi nikikohoa hata hageuki.

Nilipoandika hilo nimelisoma tena mara mbili. Kuna kiumbe mmoja kambini anayenijua mimi kuliko anavyomjua Jicho.

Alhamisi, 25 Septemba

Mzinga ameumwa tumbo, gari halikutoka. Mchana Jicho alilala, kamera iko kwenye msumari juu ya kitanda chake. Niliichukua. Nilitaka picha moja tu, niiweke mezani mbele ya Mzee Gia na kile kinywa chake.

Alikuja. Nikabonyeza nilipowaona wao wakibonyeza. Kamera ikalia, naye akasikiliza, akaendelea kulamba. Nikabonyeza tena.

Kwenye kioo kulikuwa na wavu wa mbu, kila tundu linaonekana safi kabisa, ungeweza kuuhesabu uzi kwa uzi. Nyuma ya wavu kulikuwa na doa jeusi. Lingeweza kuwa palahala. Lingeweza pia kuwa sufuria.

Nikafuta, nikaitundika kamera msumarini. Kujua sana na kuweza ni vitu viwili, na cha pili amepewa yeye.

Jumatatu, 29 Septemba

Hawakumpata. Amekuja. Joto kali, nzi wengi. Upande wa mashariki leo kulikuwa na wingu, moja tu, jeupe, dogo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mawingu sasa yanakuja kila alasiri, yanatazama, yanaondoka. Mvua ikinyesha kila dimbwi litakuwa kisima na kila jani litakuwa na ladha, na wanyama watatawanyika. Mzinga anajua. Sikumpenda wala kumchukia mpaka leo nilipomsikia akimwambia meneja uani, bila hata kushusha sauti, kwamba amepewa dereva mpole mno.

Mama alinieleza tukiwa tunakunja mashuka, yeye ncha hizi, mimi ncha zile.

"Meneja amemwambia baba yako. Mvua zikianza huyu bwana hajapata mnyama wake, msimu ujao wageni watapewa Mzee Gia. Baba yako ataendesha lori la mahitaji."

"Lori?"

"Lori. Mchele na gesi." Tukakutana katikati, akachukua ncha zangu. "Mchele hauna haja ya kuonyeshwa tandala."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikamsikia baba nje akiita, "Jicho! Leta darubini, mwanangu!" na mdomo ukajifunga wenyewe, kama mlango wa gari.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nitaandika ukweli maana hapa hakuna wa kunisikia. Leo baba amemfokea Jicho, na mimi nilifurahi.

Walirudi mikono mitupu. Mzinga akapita bila salamu. Baba akapiga kofia yake kwenye goti, vumbi likatoka. "Macho yako yameenda wapi siku hizi? Kundi zima limetupita, unatazama nini? Kesho utabaki. Nitaenda na kijana wa Mzee Gia."

Jicho akasema, "Sawa, baba," akaenda bombani kunawa uso. Alinawa kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Furaha yangu ilikuwa kubwa, tamu, ikaniteremka mpaka tumboni. Kisha ikakaa pale kama ugonjwa. Kwa sababu baba hakukasirika kwa ajili ya kundi. Baba anaogopa. Sijawahi kumwona akiogopa. Amekula vijiko vitatu vya chakula akasema ameshiba, na mimi ninayejua dawa ya hofu yake nilikuwa nimekaa mkabala naye, nikimpitishia chumvi.

Jumapili, 5 Oktoba

Imekuwa siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Jicho alibaki. Asubuhi alifua na mama, hakusema mengi. Saa sita nilipokuwa nasukwa nywele na mama barazani, nikasikia ngwi, ngwi. Jicho amezoa majivu yangu na anaenda kuyamwaga, kunisaidia. Niliruka, nywele nusu zimesimama.

"Acha! Hiyo ni kazi yangu!"

Nilichelewa. Alikuwa ameshafika mteremkoni na kumwaga. Vichaka vilipasuka kwa kishindo, nikaona mgongo mweusi ukipotea, mawe yakiporomoka nyuma yake.

Jicho aliweka ndoo chini. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonishangaza mimi.

"Nimemkimbiza," akasema. "Sikujua yuko karibu hivyo. Anakujua wewe. Mwendo wako."

"Nani?"

"Acha, mdogo wangu. Palahala wako."

Nilitaka kumuuliza palahala gani, lakini uso ulinisaliti, huwa unanisaliti. Tukaingia chumba cha mashuka, tukakaa juu ya mafurushi. Akasema aliona kwato kwenye majivu siku nyingi zilizopita, alipokuwa akitafuta ndala yake iliyochukuliwa na upepo. Na kwenye kamera, kumbe, mimi nilipiga picha mbili nikafuta moja tu.

"Doa jeusi nyuma ya wavu," akasema. "Nimelitazama hilo doa mpaka nimeona pembe."

"Ulijua. Na ukawa unatoka na baba kila alfajiri kuzunguka bure?"

"Ndiyo."

"Baba atapewa lori!"

"Hilo nimelisikia Alhamisi kama wewe. Nimekuwa nikikungoja useme."

"Kwa nini hukusema mwenyewe? Wewe angekuamini. Wewe ukisema jiwe lina masikio baba anazima gari."

Akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Siku ile karakana walikucheka. Ningesema mimi halafu waniamini, wewe ungebaki na nini? Mimi nimempata baba likizo moja. Nimekaa kwenye kile kiti, sponji inanichoma, najua kabisa ni cha nani. Kuna kalamu yako chini yake. Kuna kurasa zako kwenye droo ya gari, majina ya wanyama kwa mwandiko wako, na baba husoma akidhani sioni. Unafikiri ananifundisha mimi? Kila ninapokosea anasema, 'Mdogo wako angelijua hili.' Kila siku. Nimekuchukia, ujue. Wiki ya kwanza nilikuchukia vizuri tu."

Nilikuwa nimejenga nyumba nzima ya wivu, matofali nimeyafyatua mwenyewe, na kumbe upande wa pili wa ukuta kuna mtu amejenga ya kwake. Na hata hapo, niandike kila kitu, hata hapo niliona wivu: kwamba alikuwa ameinyamazia siri yangu kwa wema, wakati mimi niliinyamazia kwa ubaya. Hata kunyamaza amenishinda.

"Kesho asubuhi namwambia," nikasema.

"Mwambie leo."

Tulipotazama nje wingu lilikuwa limefunika nusu ya mbingu.

Nilimwambia baba wakati wa chai ya jioni. Nilisema mbele ya mama na Jicho, nikiwa nimesimama: kila siku mchana, dume, kovu bega la kushoto, tangu katikati ya mwezi uliopita.

Baba aliweka kikombe. "Tangu mwezi uliopita."

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia." Akatazama mikono yake. "Nami nikacheka."

"Lakini ningeweza kukwambia tena. Sikutaka. Nilitaka ukose, kwa sababu ulikuwa naye."

Mama alishika mdomo. Nilifikiri baba atanipiga, ingawa hajawahi kunipiga. Alinyanyuka tu, akaenda kumwita Mzinga uani, na kupitia ukuta tukamsikia akisema, "Bwana, kesho hatutoki na gari."

Jumatatu, 6 Oktoba

Hakuja.

Mzinga alilala juu ya mafurushi saa nzima na lenzi imechomozwa dirishani. Wavu tuliuondoa asubuhi. Kishindo cha jana bado kiko masikioni mwa mnyama, baba alisema, mpeni siku. Mzinga akauliza siku ipi, akanyoosha kidole kwa wingu. Mzee Gia alipita mara tatu mbele ya chumba cha kufulia akipiga mluzi. Mara ya tatu mama alimmwagia maji ya sabuni karibu na viatu, akamwomba radhi kwa heshima zote.

Jumanne, 7 Oktoba

Tangu alfajiri ngurumo zilikuwa zinazunguka kama mtu anayesogeza makabati. Mama hakutaka kutundika mashuka, baba akamwomba atundike. Kila kitu kiwe kama siku zote.

Saa sita ilipokaribia tuliingia chumba cha mashuka. Dirisha lile linatosha lenzi ya Mzinga upande mmoja, na upande wa pili watu wawili waliobanana. Mzinga alilala juu ya mafurushi, kifuko cha maharage chini ya lenzi. Baba akapiga magoti penye nafasi iliyobaki, akatazama nyuma. Nilimwona akianza kusema "Ji—" kwa mazoea, akasita. Akanitazama mimi. Akanyoosha mkono.

"Njoo, mwanangu. Mnyama ni wako. Kaa hapa na mimi."

Jicho alisogea nyuma mpaka ukutani, akaivua kamera shingoni ili anipe.

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu tarehe mbili ya mwezi wa tisa. Nikaitazama. Ilikuwa nafasi ya bega moja, karibu na bega la baba, na shati lake lilikuwa na harufu ya petroli na vumbi kama siku zote. Na nje moto ulikuwa umekufa chini ya pipa, majivu yanangoja, na kama si mimi wa kuyabeba, angekuja nani kuyamwaga? Baba, anayenuka gari? Jicho, aliyemkimbiza juzi?

"Siwezi, baba," nikasema. "Hatakuja."

Alielewa kabla sijamaliza. Nikamsukuma Jicho mgongoni. "Kaa wewe. Usikate kwato."

Nikazoa majivu. Nikaibeba ndoo mkono wa kulia kama siku zote, nikapita kati ya mashuka, nikateremka. Upepo ulikuwa umetulia. Nikamwaga taratibu, vumbi la majivu likainuka usawa wa magoti na kutua. Sikutazama vichakani. Nikageuka kurudi.

Hapo ndipo nilipoliona dirisha kwa nje. Sijawahi kuliona kutoka upande ule na watu ndani yake. Lile tundu jeusi la lenzi, na pembeni yake nyuso mbili, baba na dada yangu, shavu kwa shavu, wametoa macho yale yale. Wanafanana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wanafanana kiasi kile. Roho iliniuma, ndiyo, iliniuma kama siku ya kwanza, na miguu ikataka kukimbia nikajibane pale katikati yao.

Nyuma yangu jiwe dogo liliteleza. Kisha nikasikia pumzi nzito, na ulimi juu ya majivu.

Nikapunguza mwendo. Nilitembea hatua zangu za siku zote, ndoo ikilia ngwi, ngwi, macho nikiyaweka chini. Sikugeuka. Kutoka dirishani mlio wa kamera ulianza, ule mzito wa Mzinga ukifuatana bila kupumzika, na chini yake ule mwembamba wa kamera ya zamani, mmoja mmoja, kwa subira.

Nilifika mlangoni, nikaweka ndoo chini bila kuigonga. Tone la kwanza likanipiga kwenye mkono. Nikaenda kamba ya kwanza, nikaanza kuanua mashuka.